Koni ya Kumi na Mbili

Mtu yeyote aliyepata kujifunza kwa yule mwalimu atakuambia mambo mawili. La kwanza, gari haliwashwi mpaka koni za uwanjani zihesabiwe kwa sauti, moja hadi kumi na mbili, na ole wake atakayesema "si zinaonekana tu, mwalimu." La pili, mwenyewe hukaa kiti cha kando ya dereva, akafunga mkanda, akafumba na macho, asiyafumbue mpaka gari lizimwe. Ndiyo maana wanafunzi walimpachika jina la Kipofu, ingawa anaona kutushinda wewe na mimi, na kamba ya kiatu chako ikilegea atakuambia ukiwa hatua ishirini.

Mama King'ora alipofika Jumatatu asubuhi hakuyajua hayo. Jina hilo hakupewa na wazazi. Walimpa wenzake kituoni, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja aliendesha gari la wagonjwa na king'ora kikamwingia mpaka kooni. Akiomba chumvi mezani, mtaa mzima ulijua kwamba leo kwa mumewe fundi chakula kimepooza. Lakini Jumatatu hiyo sauti hiyo ilikuwa imemwishia. Miezi mitatu iliyopita, mvua ikinyesha, gari liliserereka kwenye kona, akamgonga mtu, na mtu yule akafa. Ofisi ilichukua kitambulisho chake cha udereva wa dharura ikampa wiki moja: ajifunze kulimudu gari kwenye utelezi, kisha Ijumaa aje mkaguzi ampime. Akifaulu atarudi barabarani. Akishindwa atapelekwa stoo kugawa mashuka na glavu mpaka astaafu. Na alijua mwenyewe, bila kuambiwa na ofisi yoyote, kwamba akishika usukani na hofu ile aliyokuwa nayo, ataua mtu wa pili.

Uwanja wenyewe zamani ulikuwa wa ndege. Njia ya saruji ilikuwa bado ipo, ndefu, nyasi zimechipua kwenye nyufa, na kando yake jengo la abiria lililobaki kuta, kaunta, na ubao wa safari usio na safari hata moja. Mwisho kabisa palikuwa na chumba kidogo cha huduma ya kwanza, mlango mweupe. Kila asubuhi lori la maji lilipita likimwaga maji mpaka saruji ikang'aa. Baada ya lori kuondoka ulibaki ukimya usiopendeza, ule wa mahali ambapo watu walizoea kuagana. Mama King'ora hakuupenda hata kidogo.

"Moja," mwalimu alianza, kidole kimenyooshwa. "Mbili. Tatu." Alikwenda hivyo hadi kumi na moja bila haraka. Alipofika ya kumi na mbili, ile ya mwisho wa kona kubwa, aliitaja upesi na kukishusha kidole kama aliyegusa sufuria ya moto.

Walipoingia garini alijaza maji kikombe cha plastiki mpaka ukingoni, akakiweka juu ya goti lake. "Suruali yangu ndiyo karatasi yako ya majibu, mama," alisema. "Ikilowa, umekosa." Kisha akafumba macho.

"Mwalimu, umelala?"

"Nasikiliza. Gari lote hili limesimama juu ya vipande vinne vya mpira, kila kimoja sawa na kiganja. Ukikanyaga breki, uzito unakimbilia mbele. Ukikata kona, unakimbilia nje. Ukishtuka, unakimbilia kote, na hapo wewe na barabara mmeagana. Mimi kazi yangu ni kukuambia uzito uko wapi. Kazi yako ni kuuhamisha taratibu, kama unavyomhamisha mtoto aliyelala. Na macho yako yatazame unapotaka kwenda. Ukitazama unapoogopa, mikono itakupeleka hukohuko, utake usitake. Kilometa arobaini, usizidishe. Haya."

Akaondoka. Kikombe kilitikisika kidogo kikatulia. "Uzito nyuma," alisema mwalimu kwa sauti ya mtu anayesoma barua. "Katikati. Mbele, umefunga breki. Kulia..." Baada ya koni ya saba gari lilianza kuchomoka mkia, kama lilivyotakiwa lifanye. Mama King'ora alikuwa ameambiwa la kufanya: asikanyage breki kwa nguvu, ageuze usukani kufuata mkia unakokwenda, atazame njia ya kutokea. Lakini pembeni ya njia hiyo, katikati ya koni za rangi ya chungwa, aliona kitu chekundu. Akakitazama. Gari likamfuata macho, likazunguka mara moja na nusu, likazimika limeelekea lilikotoka.

Suruali ya mwalimu ilikuwa imelowa mpaka mfukoni. "Macho yako yalikuwa wapi?"

"Barabarani, mwalimu."

"Gari linasema kushoto."

Mama King'ora aliteremka akahesabu. Koni kumi na mbili, zote rangi ya chungwa, zote zimesimama. Chekundu hakikuwepo.

Jumanne kilikuwepo tena, na safari hii hakikujificha. Kilikuwa kiti. Kiti cha plastiki, chekundu, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Alikiona wazi kwa muda wa pumzi moja, gari likakikimbilia, na alipofumbua macho baada ya kuzunguka, saruji ilikuwa tupu. Kiti kile alikijua.

Siku ile ya mvua, mzee mmoja alikuwa akitembea kando ya barabara amejifunika kiti chekundu kichwani, miguu juu, kama mwavuli. Gari lilipoteleza lilimpiga kwa ubavu. Mzee alianguka, akainuka, hiyo ndiyo ajabu yake, akakisimamisha kiti chake kando ya barabara akakaa, mkono umeshika mbavu. Ndani ya gari kulikuwa na mama mjamzito anayetoka damu, na muuguzi alikuwa akigonga kioo: "Twende! Anatuponyoka huyu, twende!" Mzee alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipelekeni na mimi." Mama King'ora alijibu kama tunavyojibu wote tukiwa mguu nje. "Kaa hapo baba, nakuja."

Aliita gari lingine kwa simu ya upepo, hilo hawezi mtu kumkatalia. Mama yule na mtoto wake walipona. Lakini hospitalini walimzuia atoe maelezo, karatasi ikafuatwa na karatasi, na gari lile la pili likakwama kwenye maji. Saa mbili zilipita kabla mzee hajafikiwa. Walimkuta amekufa, bado amekaa kitini, mikono magotini. Alikuwa ameambiwa akae. Mama King'ora hakurudi pale, siku ile wala baada yake.

Jumatano hapakuwa na somo. Dereva wa mkurugenzi mmoja, aliyekuwa akijifunza pamoja na Mama King'ora, mtu wa miwani ya jua na maneno mengi ambaye wote walimwita Bosi Mdogo, alikuwa ameikanyaga koni moja asubuhi ikapasuka. Zikabaki kumi na moja. Mwalimu alizihesabu mara mbili, akazima lori la maji.

"Kwa koni moja tu?" Bosi Mdogo alicheka. "Weka ndoo, mwalimu. Weka tairi bovu. Au niache mimi nikasimame pale, si napendeza kuliko koni?" Akatembea mpaka mwisho wa kona kubwa, akajisimamisha wima, mikono ubavuni.

Mama King'ora alikuwa karibu na mwalimu, ndiyo sababu alimwona. Uso ulimgeuka rangi. Kikombe kilimtoka mkononi, na akapiga kelele ambayo hata king'ora kingeionea wivu. "Toka hapo! Hakuna mtu anayesimama uwanjani! Toka!" Bosi Mdogo alitoka mbio, miwani mkononi. Mwalimu aliondoka kwa miguu. Hapo ndipo Mama King'ora alipogundua kwamba hajawahi kumwona mtu huyo ameshika usukani.

Alhamisi koni mpya ilikuja, na mzee akaja pia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake baada ya koni ya saba, shati limemgandama kwa maji, anatazama magari kama mtu aliyekaa kituoni asiyejua lake litakuja saa ngapi. Mama King'ora aliuma meno. Aliyakaza macho kwenye mwanya kati ya koni ya nane na ya tisa, akayakatalia kwenda kushoto. Mkia ulipochomoka aliufuata kwa usukani, mikono laini, mguu mwepesi. Gari likajinyoosha. Akapita. Alipokuwa anapita, kioo kikiwa kimefungwa, alisikia karibu na sikio lake: "Nipelekeni na mimi."

"Safi," alisema mwalimu. Suruali ilikuwa kavu. "Hivyo kesho, umefaulu."

Lakini yeye hakuhisi amefaulu. "Mwalimu," aliuliza gari lilipozimwa, "kwa nini unafumba macho?"

"Kuna kitu sitaki kukitazama."

"Kinaondoka ukifumba?"

"Hakiondoki," alisema. "Ila gari halikifuati."

Nyumbani jioni alimweleza mumewe, fundi cherehani, mtu mpole ambaye huongea na uzi mdomoni. Alimweleza yote, kiti, waya, sauti. Alitegemea aambiwe amechoka, akalale. Fundi alikata uzi kwa meno.

"Ulimwambia nini siku ile? Neno kwa neno."

"Nilimwambia kaa hapo, nakuja."

"Sasa umeshakwenda?"

"Nitakwendaje, baba watoto? Mtu amekufa. Nilifikiri niende kaburini, nipeleke maua..."

"Mtu aliyeambiwa nakuja hasubiri maua," alisema mumewe, akirudisha kitambaa chini ya sindano. "Anasubiri gari." Akakanyaga cherehani, na Mama King'ora akajua kwamba kwa upande wake maongezi yamekwisha.

Ijumaa kulikuwa na manyunyu, na lori la maji halikuhitajika. Mkaguzi alikuja na kibao chake cha kuandikia, mwanamke mkavu, viatu safi, akasimama kwenye kibaraza cha jengo la abiria akaitazama saa. Mwalimu alihesabu koni. Kumi na mbili. Akajaza kikombe, akafumba macho. "Kama jana, mama. Tazama unapotaka kwenda."

"Ndiyo, mwalimu," alisema, na alikuwa anasema kweli.

Koni ya kwanza hadi ya sita zilipita kama maji. Kwenye ya saba mkia ulichomoka, akaurudisha, na mbele yake njia ilifunguka safi mpaka mwisho: mwanya ule wa jana, kitambulisho chake, kiti chake cha kazi, miaka yake yote iliyobaki. Kushoto alikaa mzee na mikono yake magotini. Mama King'ora aliogopa, lakini akageuza macho akamtazama usoni.

Gari lilikwenda alikotazama. Lakini safari hii yeye ndiye aliyelipeleka. Alinyoosha usukani kwanza, akakanyaga breki moja kwa moja, si kwa kushtuka, bali akiongeza uzito wa mguu hatua kwa hatua kama alivyofundishwa, na gari likainama pua likasimama, hatua moja kutoka kwenye kiti chekundu. Maji ya kikombe yalipanda ukingoni yakarudi.

"Uzito mbele," alisema mwalimu. "Katikati. Umesimama. Kwa nini umesimama?"

Mama King'ora aliteremka kwenye manyunyu, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto. "Baba," alisema, "nimekuja. Nisamehe, nimechelewa. Panda."

Mzee aliinuka kwa shida, ameshika mbavu. Alipompita, baridi ilimpita naye, na harufu ya nguo zilizokaa na maji siku nyingi. Springi za nyuma zililia, gari likashuka kidogo upande wa kushoto.

Ndani, mwalimu alikaa wima kama aliyechomwa sindano. Macho yalikuwa yamefumba kabisa. "Uzito umehama," alisema kwa sauti ndogo. "Nyuma. Kushoto. Mtu mmoja, mwembamba." Maji kwenye kikombe yalikuwa yakitetemeka yenyewe. Kisha akasema, "Mfunge mkanda."

Mama King'ora alimfunga mkanda. Ukanda ulikaa juu ya kifua, ukapanda na kushuka.

Hajawahi kuendesha vile, kabla wala baada. Hata mwenyewe hawezi kueleza ni lini aliondoa gari, lini aliipita koni ya nane, lini ya tisa. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma alimwona mzee anaangalia nje ya dirisha, ametulia, kama abiria yeyote aliyeshukuru kupata kiti. Aliipita kona kubwa, akaipita alama ya mwisho ambapo alitakiwa kusimama, akaenda mpaka kwenye mlango mweupe wa huduma ya kwanza, akasimama bila hata kutikisika. "Tumefika, baba," alisema. Akateremka, akafungua mkanda, akashikilia mlango wazi.

Gari liliinuka.

"Ameshuka," alisema mwalimu.

Mkaguzi alikuja kwa hasira, manyunyu yamemlowesha kibao. "Umesimama katikati ya zoezi. Dakika mbili nzima! Umeteremka, umefungua mlango, umezungumza na hewa, halafu umepitiliza mwisho. Mimi nitaandika nini hapa?"

"Andika ulichokiona, mama."

"Nimeona umeshindwa." Lakini alitazama koni, zote kumi na mbili zimesimama, akatazama ile breki aliyoifunga kwenye utelezi, mistari miwili iliyonyooka kwenye saruji iliyolowa, na kalamu ikasita. "Ijumaa ijayo, urudie. Mara ya mwisho. Utakuja?"

Neno lilimjia ulimini lenyewe, lile tunalolitoa sote tukiwa mguu nje. Mama King'ora alilimeza. "Ijumaa, saa tatu asubuhi, nitakuwa nimesimama pale kwenye kaunta," alisema.

Mkaguzi alipoondoka, mwalimu alikuwa bado ndani ya gari lililozimwa. Hajafumbua macho. Kikombe kilikuwa kimejaa gotini na suruali ilikuwa kavu.

"Mwalimu. Gari limezimwa."

"Wako alikaa pale nyuma," alisema. "Wangu anasimama." "Nilipoanza shule hii, siku moja koni zilikuwa kumi na moja. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha watu. Nikamwambia mdogo wangu, nenda kasimame pale mwisho, uwe ya kumi na mbili. Usiogope, najua ninachofanya. Nilikuwa nawatazama watu wanaonitazama, mama. Miaka kumi na tisa sasa. Hebu niambie. Yuko?"

Mama King'ora alitazama mwisho wa kona kubwa. "Mimi naona koni tu."

"Basi ni wangu mwenyewe," alisema mwalimu, na chozi likapenya kwenye macho yaliyofumba.

Mama King'ora alizunguka gari. Alifungua mlango wa upande wa mwalimu, akakichukua kikombe taratibu asimwage hata tone. "Hamia kule," alisema, na sauti yake ya zamani ilikuwa imerudi, mtaa mzima ungeisikia. Mwalimu alibisha. Alisema ameshasahau, alisema mikono haifai, alisema kesho. Mama King'ora alisimama palepale na mlango wazi, mvua ikimnyeshea, mpaka maneno yakamwishia.

Akahamia. Alikaa nyuma ya usukani kama mgeni kwenye nyumba ya mtu, akafunga mkanda, akaweka mikono yake miwili mahali pake. Mama King'ora alikaa kando yake, kikombe juu ya goti la gauni lake.

Mwalimu alifumbua macho. Alitazama mbele muda mrefu.

"Yuko?" aliuliza Mama King'ora.

"Yuko. Amesimama vilevile, mikono ubavuni. Kama nilivyomwambia."

"Mtazame yeye," alisema. "Na breki uifunge mapema."

Mwalimu akawasha gari.